Cheti cha Kuzaliwa na Umri wa Mtoto: Sheria za Ukaazi wa Kudumu Zilivyogawanya Familia Zetu

Anayeingia hekaluni kwetu kwa mlango wa upande wa barabara hukutana kwanza na jiwe la marumaru lenye majina ya familia zilizochangia ujenzi wa ukumbi. Mbele ya kila jina umeandikwa mji wa asili: Porbandar, Jamnagar, Rajkot, Bhuj, Nadiad. Wazee wetu walipenda kuandika hivyo, kwa kuwa mji ulikuwa ndio anwani ya ukoo hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuuona. Kamati ya jubilei iliponiomba niandike historia fupi ya familia zilizoondoka hapa Mwanza, nilisimama mbele ya jiwe hilo na daftari, nikaanza kuhesabu ni majina mangapi bado yana mtu mjini. Niliacha kuhesabu kabla ya kufika katikati.

Habari za wazee wetu walivyokuja zimekwisha kuandikwa katika matoleo ya nyuma, nami sitazirudia sana. Babu yangu alishuka Mombasa mwaka 1926, akapanda treni hadi Kisumu, kisha meli ya ziwani hadi Mwanza, kwa maana wakati huo reli ya kutoka Tabora ilikuwa haijafika hapa. Ilifika mwaka 1928. Alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba kabla ya kufungua duka lake. Hakuulizwa kisomo chake wala umri wa watoto wake. Historia ninayotaka kuieleza ni ya namna watu wa nyumba moja walivyokuja kuulizwa maswali mawili, kizazi baada ya kizazi, na jinsi majibu yalivyowapeleka pande tofauti za dunia. Swali la kwanza ni hili: ulizaliwa wapi? La pili: mtoto wako ana umri gani?

Nianze na baba yangu na mdogo wake. (Kwa Kigujarati baba mdogo huitwa "kaka", neno lililonitia matatani shule ya msingi, maana nilimwambia mwalimu kuwa kaka yangu ana watoto wanne na ndevu.) Baba alizaliwa hapa Mwanza. Baba mdogo alizaliwa Kisumu, kwa sababu bibi alikwenda kujifungulia kwa ndugu yake. Wote wawili walilelewa nyumba moja, na hakuna aliyedhani kwamba safari ile ya bibi ingekuwa na uzito wowote katika sheria.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyezaliwa nchini, na ambaye mzazi wake mmoja pia alizaliwa nchini, alikuwa raia papo hapo. Baba hakuwa katika kundi hilo, kwa kuwa wazazi wake wote walizaliwa Kathiawar. Yeye alipewa miaka miwili kujiandikisha. Alikwenda, akaapa, akapata cheti chake, na cheti hicho tunacho hadi leo katika sanduku la chuma pamoja na hati ya kiwanja. Baba mdogo alikuwa amekwisha kwenda Nairobi kufanya kazi ya uhasibu. Kenya nayo ilitoa miaka miwili tangu uhuru wake wa Desemba 1963. Lakini kwa kuwa alizaliwa katika lililokuwa Koloni la Kenya, alikuwa raia wa Uingereza na Makoloni yake, na pasi yake ilikuwa na maandishi ya Serikali ya Malkia. Aliiamini pasi ile. Alimwambia baba kuwa karatasi ya dola kubwa haiwezi kukanushwa na dola yenyewe. Muda wa kujiandikisha ukapita.

Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria ya uhamiaji iliyomtaka kila asiye raia awe na kibali cha kufanya kazi, na sheria ya leseni za biashara iliyowabana wafanyabiashara wasio raia. Watu wenye pasi za Uingereza wakaanza kununua tiketi za ndege. Kule London, serikali ya chama cha Labour, Waziri wa Mambo ya Ndani akiwa James Callaghan, ikapitisha muswada bungeni kwa muda wa siku tatu. Kufikia tarehe 1 Machi 1968 ulikuwa sheria. Tangu hapo raia wa Uingereza mwenye pasi ya Uingereza hakuweza tena kuingia Uingereza kwa haki, isipokuwa yeye mwenyewe, au mzazi wake, au babu au bibi yake, awe amezaliwa au kuandikishwa uraia kule kwenyewe. Sheria haikutaja rangi ya mtu. Haikuhitaji kuitaja. Ni Mhindi gani wa Nairobi aliyekuwa na bibi aliyezaliwa Manchester?

Waliobaki nje ya mlango waliwekewa vocha maalumu, 1,500 kwa mwaka hapo mwanzo, kwa wakuu wa familia. Vocha moja ilibeba mkuu wa familia na wale waliomtegemea. Mkuu wa familia katika macho ya sheria ile alikuwa mwanamume. Mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa hivyo, hata kama pasi ya Uingereza ilikuwa yake na si ya mumewe. Baba mdogo alingoja miaka mitano. Kazi ilimtoka kwa kukosa kibali, akaishi kwa kuandika vitabu vya hesabu vya maduka ya rafiki zake usiku usiku. Alifika Leicester mwaka 1973. Mwaka huo huo Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitoa maoni kwamba kuwazuia watu kwa sababu ya asili yao, katika hali ile, kulikuwa ni kuwadhalilisha. Mpango wenyewe wa vocha haukufutwa hadi Machi 2002, na wakati huo baba mdogo alikuwa mstaafu mwenye wajukuu wanaozungumza Kiingereza cha mitaani kule.

Katika miaka hiyo hiyo familia nyingi za hapa zilianza kutazama upande mwingine wa bahari. Wasomaji wazee watakumbuka mwaka 1971, Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilipochukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majina matatu yaliyo juu kabisa katika jiwe letu yaliondoka katika kipindi hicho. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kuwapa Waasia wa Uganda siku 90, na meli za ziwani zikaleta hapa ndugu waliokuwa wakipita njia na mabunda yao. Uingereza ilipokea takriban 27,000. Kanada ilipokea takriban 7,000, na katika barua za hao walioko Kanada ndipo tuliposikia kwa mara ya kwanza habari za alama.

Mfumo wa alama ulianza Kanada tarehe 1 Oktoba 1967. Hadi miaka michache kabla yake nchi ile ilikuwa ikichagua wahamiaji kwa kutazama nchi walizotoka, na waliotoka Asia walikuwa wa mwisho. Kanuni mpya zilimtazama mtu kama mtihani wa shule. Jumla ya alama ilikuwa 100, na mwenye 50 alifaulu. Elimu ilikuwa na alama 20, moja kwa kila mwaka wa masomo. Mimi niliyeishia kidato cha nne ningepata 11. Hali ya mtu na tabia yake, kama alivyoonekana kwa afisa wa usaili, ilikuwa na alama 15. Mahitaji ya kazi yake katika nchi yalikuwa na 15, ustadi katika kazi hiyo 10, lugha za Kiingereza na Kifaransa 10, ajira iliyokwisha kuandaliwa 10. Kuwa na jamaa kule kulikuwa na alama 5, na nafasi za kazi katika mji anaokwenda 5. Umri ulikuwa na alama 10 kwa mwenye miaka 18 hadi 35, kisha alama moja ilipungua kwa kila mwaka uliozidi, hata mtu wa miaka 45 akawa hana kitu.

Nimeieleza hesabu hii kwa kirefu kwa sababu nadhani ilikuwa ni hatua ya haki. Mfanyabiashara huona haraka pale mizani inapopima wote kwa jiwe moja. Mhasibu wa Nairobi na mhasibu wa Glasgow walipimwa kwa karatasi ile ile, na mahali alipozaliwa bibi yao hapakuwa na alama. Mataifa mengine, yakiwemo Australia na New Zealand, yaliiga mpango huo baadaye. Ukaazi uliopatikana ulikuwa wa kudumu tangu siku ya kushuka, kwa mtu mwenyewe, mke wake na watoto wake. Mambo yalikuja kuwa magumu katika neno hilo la mwisho.

Mtoto ni nani? Katika nyumba zetu, na katika nyumba za majirani zetu Wasukuma na Wahaya, mtoto ni mtoto hadi atakapoanzisha nyumba yake, na pengine hata baada ya hapo. Sheria za uhamiaji zinataka namba. Uingereza, katika sheria yake ya mwaka 1962, ilisema chini ya miaka 16. Kanada, kwa sheria iliyoanza kutumika Juni 2002, ilisema chini ya 22, au zaidi kama kijana yupo masomoni na bado anawategemea wazazi. Kisha tarehe 1 Agosti 2014 ikashusha umri hadi chini ya 19 na kuufuta msamaha wa wanafunzi. Tarehe 24 Oktoba 2017 ikaurudisha kuwa chini ya 22.

Tarehe hizo nazifahamu kwa moyo, kwa sababu zilipita katikati ya meza yetu ya chakula. Mdogo wangu, mhandisi wa mitambo ambaye wengi wenu mnamfahamu kutoka kiwanda cha minofu ya samaki, aliandaa karatasi za kwenda Kanada mwaka 2014. Kazi yake ilikuwa katika orodha. Wakala aliyemsimamia alichelewesha cheti kimoja cha polisi, na bahasha ikawa tayari mwezi Septemba badala ya Julai. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na miaka 20. Mwezi Julai angekuwa mtoto. Mwezi Septemba alikuwa mtu mzima asiyehusika na ombi la baba yake. Mdogo wangu aliiweka bahasha ile katika kabati, akasema hawezi kuwavusha wanne na kumwacha mmoja akilinda nyumba. Mwaka 2017 umri uliporudi kuwa 22, kijana alikuwa na 23. Ndiyo maana bado mnamkuta kiwandani, na ndiyo maana mashine za barafu pale bado zinafanya kazi.

Marekani nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu huko maswali yote mawili yanakutana.

Kwa muda mrefu nchi ile haikuwataka watu wa asili yetu. Mwaka 1917 bunge lake liliweka sehemu kubwa ya Asia, India ikiwemo, katika eneo lililopigwa marufuku. Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika shauri la Bhagat Singh Thind, askari wa zamani wa jeshi la Marekani lenyewe, iliamua kuwa Mhindi si mtu mweupe kwa maana ya sheria na kwa hiyo hawezi kuandikishwa uraia. Mwaka 1946 mlango ulifunguliwa kidogo: Wahindi 100 kwa mwaka, na haki ya kuwa raia. Kisha tarehe 3 Oktoba 1965, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi, chini ya Sanamu ya Uhuru mjini New York, sheria iliyofuta mgawo wa zamani wa mataifa. Upendeleo ukawa kwa jamaa wa karibu wa raia na wakaazi, na kwa wenye ujuzi. Madaktari na wahandisi wa Kihindi walianza kwenda. Jamaa zetu wa Afrika Mashariki wenye mitaji midogo walinunua nyumba za wageni za barabarani, na ndiyo sababu hadi leo msafiri katika majimbo ya kusini anaweza kupewa ufunguo wa chumba na mzee anayejua Kiswahili cha Jinja.

Sheria inayotawala hadi sasa ni ya Novemba 1990. Iliongeza viza za ukaazi wa kudumu kwa njia ya ajira kutoka 54,000 hadi 140,000 kwa mwaka. Msomaji aangalie mambo mawili. La kwanza, idadi hiyo haihesabu wafanyakazi peke yao. Mke na kila mtoto huchukua nafasi yake ndani ya 140,000. La pili, hakuna nchi moja inayoruhusiwa kuchukua zaidi ya asilimia 7, isipokuwa nafasi zikibaki kwa kukosa waombaji. India yenye watu zaidi ya bilioni moja ina asilimia 7. Tanzania ina asilimia 7. Visiwa vya Shelisheli vina asilimia 7.

Waliotunga kanuni hiyo walisema hawataki nchi moja imeze nafasi zote, na hoja hiyo si ya kipuuzi. Lakini sheria hiyo hiyo ya 1990 iliweka utaratibu wa viza ya kazi ya muda iitwayo H-1B, na huko hakuna kikomo cha nchi. Makampuni ya kompyuta yakachukua vijana wa Kihindi kwa maelfu kila mwaka. Mlango wa mbele ukawa mpana na mlango wa ndani mwembamba, na ukumbi uliopo kati yake ukajaa watu. Mwaka 2000 bunge liliruhusu waliokwama waongezewe muda wa viza ya kazi kupita miaka sita ya kawaida, hadi zamu yao ifike. Mamia ya maelfu wamo katika ukumbi huo leo, na zamu husogea kwa taarifa inayotolewa kila mwezi, ambayo jamaa zetu huisoma kama wakulima wasomavyo mawingu.

Nchi ya mtu katika foleni hiyo haipimwi kwa pasi aliyo nayo. Inapimwa kwa mahali alipozaliwa. Hapo ndipo wanangu na wapwa zangu walipotengana.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa katika hospitali ya hapa Mwanza mwaka 1988. Alikwenda Marekani kusoma, akaajiriwa, na mwaka 2015 mwajiri wake alimwombea ukaazi wa kudumu katika kundi la pili, la wenye shahada ya juu. Mke wake alizaliwa Vadodara. Mwaka 2017 wote wawili walikuwa na kadi zao za kijani. Mkwe wangu hakupangwa katika foleni ya India, kwa kuwa sheria inamruhusu mke au mume kuhesabiwa katika nchi ya mwenzake ili wasitenganishwe. Hivyo msichana wa Vadodara aliingia kwa hesabu ya Tanzania. Tulicheka sana katika simu siku ile. Nilimwambia sasa yeye ni mtu wa Mwanza kwa hati ya serikali ya Marekani, na ajifunze kula sato.

Dada yangu aliolewa Ahmedabad, na mwanawe, mpwa wangu, alizaliwa huko. Ni mhandisi wa programu, mwenye shahada ya juu kuliko ya mwanangu, na kwa maoni yangu ana akili zaidi, ingawa mwanangu atasoma haya. Alifika New Jersey mwaka 2009 kwa viza ya H-1B akiwa na mke wake, ambaye pia alizaliwa India, na binti yao wa miaka mitano. Mwajiri wake alipeleka ombi mwaka 2015, kundi la pili. Mwaka ule ule, kundi lile lile, na bibi yao ni mmoja. Ombi lilikubaliwa baada ya miezi saba. Tangu wakati huo anangoja zamu.

Angekuwa anangoja peke yake, ningeiita subira tu. Lakini binti amekuwa akikua. Katika sheria ya Marekani mtoto ni yule ambaye hajaoa wala kuolewa na hajatimiza miaka 21. Akitimiza kabla ya zamu ya baba yake, anatoka katika ombi. Mwaka 2002 bunge liliona ubaya wa watoto kupitwa na umri kwa sababu ya uzembe wa ofisi, likatunga sheria ya kulinda hadhi ya mtoto, iliyotiwa sahihi tarehe 6 Agosti mwaka huo. Hesabu yake ni hii: siku zamu inapofika, unachukua umri wa mtoto na kutoa muda ambao ombi la mwajiri lilikaa mezani kabla ya kukubaliwa. Kwa mjukuu wetu, hiyo ni miezi saba. Miaka ya foleni yenyewe haitolewi, ingawa ndiyo mingi. Sheria inasamehe ucheleweshaji wa karani na haisamehi ucheleweshaji wa sheria.

Binti huyo alifika akiwa na meno ya utoto. Amesoma shule zote kule, ameimba wimbo wa taifa lile kila asubuhi ya kwata. Wakati wote huo alikuwa na viza ya mtegemezi, ambayo haikumruhusu kufanya kazi hata ya kuuza barafu wakati wa likizo. Vijana wengine walioletwa wadogo bila karatasi walipewa nafuu na Rais Obama mwaka 2012, wasifukuzwe na waruhusiwe kufanya kazi. Yeye hakuhusika, kwa sababu alikuwa na karatasi halali. Silaumu nafuu waliyopewa wale. Nataja tu kwamba mpwa wangu, aliyejivunia kutovunja kanuni hata moja, hakujua amweleze nini binti yake usiku ule.

Alipotimiza miaka 21 na miezi saba ile kwisha, alikuwa amekwisha kuhamia viza ya mwanafunzi. Viza hiyo humtaka mwenye nayo athibitishe kuwa ana makazi katika nchi yake ambayo hana nia ya kuyaacha, na kwamba atarejea huko masomo yakiisha. Nchi yake kwa mujibu wa pasi ni India, ambako amelala usiku usiozidi siku arobaini tangu alipoondoka. Mdogo wake wa kiume ana miaka 12 na alizaliwa New Jersey, kwa hiyo ni raia kwa kuzaliwa. Akifika miaka 21 ataweza kuwaombea wazazi wake ukaazi. Yamkini watoto wakawa wamewapita baba zao kwa njia hiyo kabla ya foleni kusogea. Kumwombea dada yake ni jambo jingine. Foleni ya ndugu wa raia, kwa waliozaliwa India, nayo huhesabiwa kwa miaka mingi.

Miswada imeletwa. Mwaka 2019 Baraza la Wawakilishi lilipitisha wa kufuta kikomo cha nchi katika viza za ajira, kwa kura 365 dhidi ya 65. Seneti ilipitisha wake Desemba 2020, lakini miswada miwili hiyo haikupatanishwa na ikafa pamoja na bunge lile. Mwaka 2021 uliletwa mwingine wa kuwalinda watoto hawa mahususi, nao haukupita. Lazima niseme ukweli ambao hausemwi sana katika mikutano ya jamaa: kikomo kikifutwa, foleni ya aliyezaliwa Mwanza itarefuka. Mwanangu alipita kwa sababu mpwa wangu amezuiwa. Nimelifikiria jambo hili usiku, na bado naona kikomo ni kibaya. Mwanangu naye anasema hivyo, lakini yeye amekwisha kupata kadi.

Majirani wameniuliza, na wana haki ya kuuliza, kama sisi hapa tunafanya vizuri zaidi. Nchi yetu hutoa vibali vya ukaazi vya Daraja A kwa wawekezaji, B kwa walioajiriwa na C kwa wengineo, na vyote ni vya muda. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, wana hadhi ya mkaazi wa kudumu; sisi katika madaraja hayo hatuna. Pujari wetu wa sasa anajua tarehe ya mwisho ya kibali chake kuliko tarehe ya kuzaliwa kwake. Binti yake anasoma shule ya hapa mtaani, anazungumza Kisukuma na watoto wa fundi baiskeli, na mwaka hadi mwaka kamati huandika barua ya kuomba aendelee kuwepo pamoja na wazazi wake. Nimeweka sahihi katika barua tatu za namna hiyo. Katika ya mwisho niliulizwa umri wa mtoto, nikasita kidogo kabla ya kuujaza.

Baba mdogo alifariki Leicester. Katika vitu vyake watoto walikuta pasi yake ya zamani ya Nairobi, ile aliyoiamini, imefungwa katika kitambaa pamoja na barua ya vocha. Waliniletea nakala, nami nimeipa kamati kwa ajili ya maonyesho ya ukumbini, ikae kando ya cheti cha uraia cha baba yangu.

Mjukuu wetu wa New Jersey hataweza kuja kwenye jubilei. Akitoka, itamlazimu aombe viza upya katika ubalozi, na afisa atakuta jina lake katika ombi la baba yake la ukaazi wa kudumu. Hiyo yaweza kutosha kumwona kuwa ana nia ya kubaki, na kumnyima. Badala yake ametuma mchango wa dola 51 kutoka katika posho yake, kwa ajili ya jiwe jipya la marumaru. Katibu wa kamati alinipigia simu juzi. Fundi wa kuchonga anataka orodha kamili kabla ya mwisho wa mwezi, na kwenye fomu ya binti huyo sehemu ya mji wa asili iko wazi. Aliniuliza aandike Ahmedabad, Mwanza, au Edison. Nimemwambia asimpe fundi ukurasa ule kwanza, nimpigie mwenyewe simu nimuulize.